Nani Aligundua Kivai?

Kwenye vitabu vya historia tulivyosoma shuleni, Mkamba alikuwa na kazi mbili: kubeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na kuchonga vinyago. Hizo pembe zilipatikanaje, kitabu hakikusema. Ungedhani ndovu walikuwa wanajiangukia wenyewe huko Kitui, kisha Mkamba anapita na kuokota. Lakini ndovu dume aliyekomaa ana uzito wa tani tano au sita, na watu waliomwangusha hawakuwa na bunduki. Walikuwa na upinde, mshale, na kitu cheusi kama lami kilichopakwa nyuma ya ncha ya chuma.

Hicho kitu cheusi ndicho nataka tukizungumzie leo. Si kwa sababu mimi ni mtu wa Makueni na najivunia kwetu, ingawa hilo pia lipo. Ni kwa sababu kinakuhusu hata wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya matatu pale Mlolongo. Moyo wako unapiga sasa hivi kwa sababu kila seli yako ina protini fulani inayoingiza potasiamu ndani. Dunia iliithibitisha kazi ya protini hiyo kwa msaada wa sumu ya mshale. Aliyeithibitisha alipewa Tuzo ya Nobel. Waliokuwa na sumu yenyewe walipewa kifungo.

Tuanze na mti. Kwa Kiswahili unaitwa msunguti. Kwa Kikamba ni kivai, na Wamaasai wanauita olmorijoi. Wanasayansi wanauita Acokanthera, na spishi zake kadhaa zinaota Afrika Mashariki, kuanzia Uhabeshi na Usomali hadi kusini. Ukiuona hutashuku lolote: ni mti mfupi, majani magumu ya kijani yasiyopukutika ovyo, maua madogo meupe yanayonukia vizuri. Sumu imejificha ndani ya ubao, magome na mizizi.

Susu yangu, mama yake mama, alikuwa akisema kwamba wapishi wa sumu walikuwa watu wa kujitenga. Walipika mbali na boma, na mtoto hakutumwa huko hata kupeleka maji. Vipande vya mti vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakawa uji mzito, mweusi. Si kila mtu alijua kazi hiyo. Sumu nyingi iliyotumika Ukambani ilinunuliwa kutoka kwa Wagiriama, waliosifika kwa upishi wake, na Wawaata, wawindaji wa ndovu wa nyika ya Tsavo, walikuwa na ustadi wao pia. Yaani kulikuwa na watengenezaji, wachuuzi, wateja, na sifa za kulinda. Aliyeuza sumu mbovu alipoteza jina.

Na ubora wake ulipimwa. Mtu alijichanja kidogo, damu ikatiririka kama uzi kwenye ngozi, halafu akaigusisha sumu kule chini, mbali na kidonda. Alitazama jinsi weusi ulivyopanda na damu, na kwa kasi gani, kisha akaifuta damu haraka kabla haijafika juu. Ikipanda kwa kasi, sumu ni kali. Ikisuasua, imezeeka. Kadhalika walijua kwamba jua na hewa huiharibu, ndiyo maana sehemu ya mshale iliyopakwa ilizungushiwa ngozi nyembamba hadi wakati wa kutumia.

Jambo la tatu walilolijua ndilo linanishangaza zaidi: nyama ya mnyama aliyeuawa kwa mshale huo inaliwa. Unakata sehemu iliyozunguka jeraha, unatupa, mengine unapika. Sumu inayoua ikiingia kwenye damu haileti madhara yale yale kwa kiasi kidogo kinachopitia tumboni. Wafamasia wa Ulaya walikuja kugundua jambo hilo hilo, kwamba utumbo unanyonya kemikali hii vibaya sana, na walipoitumia kama dawa ya moyo iliwabidi waidunge kwenye mshipa.

Sasa niambie: kuna kanuni ya kutengeneza, kuna kipimo cha ubora, kuna njia ya kuhifadhi, kuna ufahamu wa jinsi kitu kinavyoingia mwilini. Hayo yote yangefanyika ndani ya jengo lenye koti jeupe mlangoni, tungeyaita nini?

* * *

Biashara iliyotokana na mshale huo haikuwa ndogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyotawala njia kati ya bara na Mombasa. Mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai, aliifuata njia hiyo mwaka 1849 hadi Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa zama zake. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji wake walikuwa wakiufahamu tangu zamani. Vitabu vinasema Krapf aliugundua Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini na Krapf karibu na Mto Tana. Jina lake lipo vitabuni, lakini kama mwenyeji wa mgunduzi.

Mpangilio huo wa maneno, Mzungu anagundua na Mwafrika anamwonyesha njia, ukauweke akilini. Utarudi.

Utawala wa Kikoloni ulipoingia, uwindaji ulihitaji leseni, na leseni ilihitaji pesa na aina ya mtu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, aliteremka kwenye garimoshi kituo cha Kapiti, hapo hapo Ukambani, na kuanza safari yake. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512. Iliitwa safari ya kisayansi, kwa sababu mizoga mingi ilipelekwa makavazi ya Smithsonian. Mkamba wa kijiji jirani aliyempiga swala kwa mshale ili watoto wale aliitwa jangili. Tofauti haikuwa kwenye mnyama, na wala si kwenye idadi.

Mwaka 1948 ardhi kubwa kati ya Ukambani na Pwani ikawa Mbuga ya Tsavo. Angalia ramani: upande mmoja inapakana na Kibwezi na Mtito Andei, Makueni, na upande mwingine na Kitui Kusini, huko Mutomo na Ikutha. Nyika ambayo babu zetu na Wawaata walikuwa wamewinda kwa vizazi vingi ikageuka kuwa mahali pa kukamatwa. Kisha, 1956 na 1957, walinzi wa mbuga wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa mishale ya sumu, wakitumia baadhi ya mbinu zilizokuwa zimetumika dhidi ya Mau Mau msituni: wapelelezi, mahojiano, kuvamia vijiji. Mamia ya watu walikamatwa, Wawaata na Wakamba.

Babu yangu alikuwa mmoja wa waliofungwa katika miaka hiyo. Hakupenda kulisimulia. Susu ndiye aliyekuwa akisema kwamba alirudi bila upinde na bila podo, na kwamba tangu siku hiyo hakumfundisha mtoto wake yeyote kutambua kivai. Mama yangu amepita karibu na mti huo maisha yake yote bila kujua ni upi. Mimi niliuona kwanza kwenye kitabu cha miti, nikiwa Nairobi.

* * *

Mwaka huo huo wa 1957, wakati malori yanabeba wafungwa kutoka Tsavo, daktari mmoja wa Denmark alichapisha makala kuhusu miguu ya kaa.

Jina lake ni Jens Christian Skou, wa Chuo Kikuu cha Aarhus. Alikuwa amesaga neva za miguu ya kaa wa ufukweni na kukuta humo kimeng'enya kinachochoma nishati pale tu sodiamu na potasiamu zinapokuwepo pamoja. Alishuku kwamba huenda amekutana na kitu kilichokuwa kikitafutwa kwa miaka: pampu ya seli. Lakini kushuku si kuthibitisha. Kimeng'enya kwenye chupa ni kimoja, pampu ndani ya mwili hai ni nyingine. Utajuaje kwamba ni kitu kimoja?

Hapa ndipo sumu yetu inaingia, na ilikuwa imefika Ulaya zamani. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa, Arnaud, alikuwa ameitoa ikiwa fuwele safi kutoka kwenye ubao wa msunguti ulioletwa kutoka nchi ya Wasomali. Hata jina aliloipa, wabaini, linatokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale, waabaayo. Tuseme ukweli: ubao ule haukutoka Kitui. Ila ni mti wa jamii ile ile, na elimu ile ile ya wapishi na wawindaji iliyoenea kutoka Pembe ya Afrika hadi nyika zetu. Mwaka 1953 mtafiti mmoja Mswisi, Hans Schatzmann, akaonyesha kwamba sumu za aina hii zinazuia chembe nyekundu za damu kusukuma sodiamu na potasiamu. Kwa hiyo sumu ikawa kama ufunguo wenye tundu moja tu: ikikizuia kitu, kitu hicho ndicho pampu.

Mwaka 1958, kwenye kongamano la biokemia mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimwuliza Skou kama kimeng'enya chake kinazuiwa na wabaini. Skou hakuwa anajua wabaini ni nini. Alituma ujumbe nyumbani, wenzake wa maabara wakajaribu, na jibu likarudi: ndiyo, kinazuiwa. Basi, pampu ikawa imepatikana. Mwaka 1997 Skou alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Huwa naifikiria sana hiyo picha ya Vienna. Mtu aliyeshika pampu mkononi hajui sumu. Maelfu ya kilomita kutoka hapo, watu wanaoijua sumu wamefungiwa, na hawajui kuna kitu kinaitwa pampu. Kila upande una nusu ya jibu. Ila upande mmoja tu ndio uliokuwa na posta ya kutuma swali.

* * *

Hebu tuielewe hiyo pampu, kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Seli yako inapenda potasiamu iwe nyingi ndani na sodiamu iwe nyingi nje. Tofauti hiyo ndiyo betri yake. Kwenye ukuta wa seli kuna milango midogo ya potasiamu, protini zenye tundu katikati linaloruhusu potasiamu ipite na kuikataa sodiamu. Kila pigo la moyo linaisha kwa milango hiyo kufunguka na potasiamu kutoka nje, moyo ukatulia tayari kwa pigo lijalo. Mmoja wa milango hiyo unaandikwa na jeni iitwayo KCNH2, kwenye kromosomu ya 7. Ndugu yake wa kwanza kujulikana aligunduliwa kwa nzi ambao wakileweshwa kwa etha miguu inatikisika kama ya wacheza dansi. Ila kwa binadamu si dansi: mwaka 1995 iligundulika kwamba hitilafu kwenye jeni hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumwangusha ghafla kijana aliyeonekana mzima kabisa.

Sasa, potasiamu ikitoka tu bila kurudi, betri inaisha. Anayeirudisha ni pampu ya Skou. Kila mzunguko inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, ikila sehemu kubwa ya nishati ya mwili hata ukiwa umelala. Sehemu yake muhimu inaandikwa na jeni ya ATP1A1, kwenye kromosomu ya 1. Milango inatoa, pampu inarudisha. Kimoja bila kingine hakina maana.

Wabaini inajishikiza kwenye pampu kutoka nje na kuikwamisha. Potasiamu inabaki kwenye damu, sodiamu inajaa ndani ya seli, na kalsiamu inaongezeka nyuma yake. Mwanzoni moyo unapiga kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu kiasi kidogo sana cha sumu za ukoo huu ni dawa: digoksini, inayotolewa hadi leo kwenye hospitali zetu kwa wagonjwa wa moyo, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ingawa yenyewe inatoka kwenye mmea wa Ulaya. Kiasi kikizidi, mapigo yanapoteza mpangilio, na moyo unasimama. Ndovu tani sita, swala, binadamu: pampu zetu zinafanana, na zote zinakwama.

Isipokuwa panya. Panya wa maabara anaweza kustahimili kiasi ambacho kingeua wanyama wengine, na mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba siri iko kwenye sehemu mbili ndogo tu za protini yake ya pampu. Na kuna panya mwingine, mkubwa na mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, anayeishi hapa Kenya. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, pamoja na wenzake akiwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, waliripoti kwamba panya huyu anatafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalum ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata anaweza kufa. Kumbe hata mnyama alikuwa ameligundua kabla yetu! Angalau panya hajawahi kushtakiwa.

* * *

Najua kuna msomaji ananiuliza: na ndovu je?

Ni swali la haki. Mwezi wa Mei 2014, Satao, mmoja wa ndovu wenye pembe kubwa zaidi waliokuwa wamebaki duniani, aliuawa Tsavo kwa mshale wa sumu. Pembe zake zilikatwa pamoja na uso. Sina shairi la kuwaimbia waliofanya hivyo. Hawakuwa wanatafutia watoto nyama. Walikuwa mwisho wa mnyororo ambao faida yake iko mbali sana na Ukambani. Wala siandiki haya ili mtu aende porini na sufuria. Sumu hii haina dawa ya uhakika ya kuitegemea kijijini, na ikimpata mtu inamuua kama inavyomuua mnyama.

Lakini tuweke hesabu sawa. Mishale ilitumika kwenye nyika ya Tsavo kwa vizazi na vizazi, na bado ndovu walikuwepo wakati mbuga inapimwa. Waliokuja kuwamaliza ni ukame wa 1970 na 1971, halafu bunduki za miaka ya 70 na 80, wakati ambapo wapishi wengi wa sumu walikuwa wameshanyang'anywa kazi. Ndovu wa Tsavo waliokuwa zaidi ya 30,000 walibaki takriban 6,000 kufikia mwaka 1988. Wawindaji wa zamani walijua mnyama gani yuko wapi na msimu gani. Mwanzoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na mpango, kule Galana, wa kuwaruhusu Wawaata kuwinda kihalali na kwa kipimo. Haukudumu. Kwa hiyo tulipoteza mara mbili: ndovu wakaenda, na waliowajua ndovu vizuri kuliko wote wakaenda pia.

Ninachodai si upinde. Ninachodai ni sentensi moja kwenye kitabu cha mtoto wa Darasa la Saba kule Ikutha au Kibwezi. Siku atakapofundishwa kwamba seli ina pampu ya potasiamu, aambiwe kwamba pampu hiyo ilithibitishwa kwa sumu ya mti unaoota nyuma ya shule yake, na kwamba watu wa kwao na majirani zao walijua namna ya kuipika, kuipima, kuihifadhi na kuila nyama yake bila kufa, muda mrefu kabla mtu wa Aarhus hajamsaga kaa. Hiyo haimpunguzii Skou kitu. Alifanya kazi kubwa na tuzo ni yake.

Ila neno "kugundua" lina tabia mbaya ya kuanza kuhesabu pale Mzungu anapofika. Krapf aligundua mlima uliokuwa na jina. Arnaud aligundua sumu iliyokuwa sokoni. Babu yangu alizijua zote mbili, mlima kwa macho na sumu kwa mkono, na kwenye faili la mahakama aliandikwa kwa neno moja tu. Mama yangu anazeeka. Likizo ijayo nitamshika mkono, tutoke hadi pale kwenye mawe nyuma ya shamba, nimwonyeshe kivai ni kipi.